Sala Katika Bandari ya Singapore

Jina la Singapore si geni masikioni mwa watu wa visiwa hivi. Mkulima wa karafuu wa Pemba hulisikia kwa kuwa sehemu ya karafuu zetu hupitia huko zikielekea kwenye viwanda vya sigara vya Indonesia. Baharia hulijua kwa ukubwa wa bandari yake. Nao maofisa wa Serikali wanaopelekwa huko kwa mafunzo hurudi na mazungumzo yasiyokwisha juu ya usafi wa njia, wepesi wa makasha gatini na nidhamu ya makarani. Yote hayo ni kweli na hatuna haja ya kuyarudia. Lakini msafiri huyo akiulizwa watu wale humwabudu nani, na kwa namna gani, mara nyingi hujibu kwamba wale ni watu wa biashara tu, na maneno yakaishia hapo.

Jibu hilo halitutoshi. Nchi ile, ambayo Unguja peke yake inaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara 2, ina watu wapatao milioni 6 na ndani yake zimebanana dini zote kubwa za ulimwengu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020, iliyohusu wakaazi wa umri wa miaka 15 na zaidi, ilionyesha kwamba Wabuddha walikuwa asilimia 31.1, wasiokuwa na dini asilimia 20, Wakristo asilimia 18.9, Waislamu asilimia 15.6, Watao asilimia 8.8 na Wahindu asilimia 5. Mwaka 1980 Wakristo walikuwa kiasi cha mtu 1 katika kila 10. Basi katika miaka ile ile ambayo nchi iliinuka kutoka katika hali ya wastani hata ikawa miongoni mwa matajiri wa dunia, Wakristo nao wakakaribia kuongezeka maradufu. Huko Ulaya tumezoea kuona utajiri ukiyaacha makanisa matupu. Singapore yalijaa. Jambo hili linastahili kuchunguzwa na kila mwenye kushughulika na mambo ya umma, awe Mkristo au Mwislamu, kwani ndani yake mna suala ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza: sala ni haki ya nani, na mkono wa Serikali ufike wapi?

Ukristo haukuingia Singapore kwa mlango mmoja. Kanisa la zamani kabisa lililosimama hata leo lilijengwa mwaka 1835 na Waarmenia, kikundi kidogo cha wafanyabiashara ambao hawakutafuta kumgeuza mtu yeyote dini yake. Walitaka pahala pa kusalia na kuzikana. Wakatoliki wakamaliza kanisa lao kuu mwaka 1847. Waanglikana, waliokuwa watu wa Serikali ya kikoloni, wakafungua jengo lao la sasa la Mtakatifu Andrea mwaka 1862, na jengo hilo lina hadithi ambayo fundi yeyote wa Mji Mkongwe angependa kuisikia. Lilijengwa na wafungwa walioletwa kutoka Bara Hindi. Lipu ya kuta zake ilikuwa ni chokaa ya makombe iliyochanganywa na ute wa mayai na sukari, ikatiwa maji yaliyoroweka makumbi ya nazi, kisha ikasuguliwa kwa jiwe mpaka ikang'ara. Wakoloni walitoa ramani na sifa wakazichukua wao, lakini elimu ya chokaa ile ilikuwa ya Madras na jasho lilikuwa la mfungwa. Nasi tunapolitazama kanisa la Mkunazini, lililoanzwa mwaka 1873 pahala pa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, hatuna haja ya kuambiwa kwamba nyumba ya sala huweza kubeba historia ya watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Hata hivyo si majengo yaliyoueneza Ukristo, bali skuli. Mnamo tarehe 1 Machi 1886 wamishonari wa Kimethodisti walifungua darasa la wavulana 13 katika nyumba ya duka, Mtaa wa Amoy, na kutoka hapo ikakua skuli ambayo mpaka leo watoto wa matajiri na wa wakubwa hupigania nafasi zake. Masista wa Kifaransa walikuwa wamekwishaanza kazi yao na wasichana tangu mwaka 1854. Wafanyabiashara wa Kichina waliwapeleka watoto wao ili wajue Kiingereza, lugha ya mahkama na ya hati za meli. Kujua Injili kulikuwa ni nyongeza waliyoivumilia. Baada ya uhuru Serikali ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na kufikia mwaka 1987 skuli zote zilikuwa zimekwishaifuata njia hiyo. Kijana wa Kichina akajikuta anasoma, anafanya kazi na kuota ndoto kwa lugha ambayo bibi yake, mwenye kufukiza udi mbele ya picha za mizimu ya ukoo, haielewi. Kanisa likamngoja pale pale penye pengo hilo. Ndiyo maana hata leo miongoni mwa wenye shahada za vyuo vikuu sehemu ya Wakristo ni kubwa kuliko sehemu yao katika umma mzima. Wako wanaosema kwamba hiyo ni dini ya wenye nafasi. Sisi hatuwezi kuingia katika moyo wa mtu tukapima imani yake, lakini hali hiyo ya kitabaka ipo na viongozi wa makanisa yenyewe wanaijua.

Kwa Wamalay, ambao karibu wote ni Waislamu, mambo yalikwenda njia nyingine. Katika karne ya 19 mmishonari Benjamin Keasberry aliwafungulia kanisa mwaka 1843, akawa na matbaa pia. Msaidizi na mwalimu wake wa Kimalay alikuwa Munshi Abdullah, Mwislamu mzaliwa wa Melaka, mtu aliyewafundisha wamishonari lugha na kuwasaidia kufasiri vitabu vyao, mpaka baadhi ya watu wa dini yake wakamtilia shaka. Abdullah hakuiacha dini yake. Alifariki mwaka 1854 akiwa katika safari ya Hija. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa hata katika pwani yetu walikuwapo walimu wa namna hiyo, Waislamu waliowafunza mapadri Kiswahili fasaha, na vitabu vya mapadri vikachapwa bila ya majina ya walimu hao.

Kisha ikaja vita. Wajapani waliishika Singapore kuanzia 1942 hadi 1945, na Askofu Leonard Wilson wa Waanglikana akawekwa ndani ya gereza la Changi, akapigwa na kuteswa Oktoba 1943. Vita vilipokwisha alimpa kipaimara mmoja wa askari waliomtesa. Humo humo Changi mapadri na wachungaji wa madhehebu mbalimbali, waliokuwa hawajazoea kukaa meza moja, walikubaliana kwamba wangefungua chuo kimoja cha kuwasomesha wachungaji wa nchi, nacho kikafunguliwa mwaka 1948.

Mwaka uliofuata ulikuwa na jambo ambalo watu wa upwa wa Afrika Mashariki wana haki ya kujivunia kidogo. Mwanachuoni wa Kihindi, Maulana Abdul Aleem Siddiqui, ambaye wazee wa Mombasa walimjua tangu alipofika huko mwaka 1935 na kuzungumza dini na mwandishi Bernard Shaw, alikwenda Singapore akawaambia viongozi wa dini kwamba wasingoje moto uwake ndipo watafutane. Machi 1949 kikaundwa chama cha kuwakutanisha watu wa dini zote, nacho kipo hata leo. Wito ulitoka katika kinywa cha sheikh. Wale wenye kudhani kwamba kuishi kwa wema na Wakristo ni fikra iliyoletwa na Wazungu na waliangalie hilo.

Moto wenyewe haukukawia. Chama hicho kilikuwa hakijatimiza miaka 2 ilipotokea kesi ya Maria Hertogh. Mtoto huyu alizaliwa Java mwaka 1937 kwa baba Mholanzi, akabatizwa Mkatoliki. Wajapani walipomfunga baba yake, akaangukia katika mikono ya mwanamke wa Kimalay, Che Aminah, aliyemlea kwa mapenzi, akampa jina la Nadra na kumfundisha Uislamu. Wazazi wake wa kumzaa wakaja kumdai baada ya vita. Mama mlezi akasema amepewa mtoto. Mama mzazi akasema alimweka amana tu. Katikati ya kesi, Agosti 1950, msichana akaozwa kwa mwalimu mmoja Mwislamu, naye ana umri wa miaka 13. Desemba mahkama ikahukumu kwamba ndoa ile si halali na kwamba mtoto arudishwe kwa wazazi. Na wakati rufaa ikingojewa, Serikali ya kikoloni ikamweka wapi? Katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki.

Hapo ndipo sisi wa kazi hii ya magazeti tunapopaswa kuinamisha vichwa. Waandishi na wapiga picha wakaingia katika nyumba ile. Zikachapwa picha za msichana akiwa na watawa, akiwa amepiga magoti mbele ya sanamu ya Bibi Mariamu. Picha moja ya sala! Magazeti ya lugha moja yakamwonyesha kama kondoo aliyerudi zizini, na ya lugha nyingine yakamwonyesha kama Mwislamu aliyetekwa. Tarehe 11 Desemba 1950 watu wakakusanyika mbele ya mahkama, na machafuko yaliyofuata yakaua watu 18 na kujeruhi 173. Mzungu aliyepita njiani, na hata chotara asiyejua habari yoyote, aliteremshwa garini akapigwa. Hatudhani kwamba mtoto mwenyewe aliwahi kuulizwa kwa utulivu alitaka nini. Alichukuliwa Uholanzi, na huko akafariki mwaka 2009.

Tumelikawilia jambo hili kwa makusudi. Wenye kuisifu Singapore kwa amani yake ya dini huieleza kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo ya watu wake. Si hivyo. Mnamo tarehe 21 Julai 1964, nchi hiyo ikiwa sehemu ya Malaysia, maandamano ya Maulidi yaligeuka kuwa mapigano baina ya Wamalay na Wachina, watu 23 wakafa. Septemba yakazuka tena na wakafa wengine 13. Mwaka ule sisi huku tulikuwa na yetu. Basi Singapore ilipopata uhuru wake tarehe 9 Agosti 1965, waliokamata madaraka walikuwa watu waliokwishaona damu mara mbili, na kila sheria waliyoitunga juu ya dini ina kumbukumbu hiyo ndani yake. Katiba iliyofuata ikampa kila mtu haki ya kuifuata dini yake, kuitekeleza na kuieneza. Vilevile ikakiri nafasi ya pekee ya Wamalay kama wenyeji wa nchi. Baadaye Waislamu wakapewa baraza lao la kusimamia mambo ya zaka na wakfu.

Lakini haki ya kusali bila ya pahala pa kusalia ni haki nusu, na katika nchi ile ardhi ni kama dhahabu. Serikali ilijitwalia madaraka makubwa ya kuchukua ardhi kwa sheria ya mwaka 1966, ikabomoa vijiji na kuwahamishia watu katika majumba ya ghorofa, ambamo kiasi cha wakaazi 8 katika kila 10 wanakaa leo. Sisi tuliozoea majumba ya Michenzani tuyafikirie hayo mara elfu. Misikiti midogo, mahekalu na makanisa ya vijijini vikaondoka na vijiji vyake. Kwa Waislamu jawabu lilipatikana mwaka 1975. Kila mfanyakazi Mwislamu akaanza kukatwa senti kidogo katika mshahara kila mwezi kwa ajili ya kujenga misikiti katika mitaa mipya, na wa kwanza ukafunguliwa mwaka 1977. Kwa Wakristo jawabu lilikuwa la soko. Kiwanja cha kanisa hutangazwa kwa zabuni, makanisa hushindana wenyewe kwa wenyewe kwa fedha, na mshindi hupewa kwa muda wa miaka 30. Fikiria kanisa linalojua tangu siku ya kuweka jiwe la msingi kwamba mjukuu wa aliyelijenga huenda akalazimika kulinunua tena.

Ndipo tunaposikia habari ambazo kwa mgeni ni za ajabu, za Wakristo wanaosali katika sinema, katika mahoteli na katika kumbi za mikutano, wakiondoka na vyombo vyao baada ya ibada kwa kuwa hawaruhusiwi kutundika msalaba katika jengo la biashara. Kanisa moja, New Creation, lilishiriki kwa michango ya waumini katika ujenzi wa ukumbi wa maonyesho wenye viti 5,000 uliofunguliwa mwaka 2012, ambamo katikati ya wiki huimba wanamuziki wa kidunia na Jumapili huhubiriwa Injili.

Wala tusidhani kwamba Ukristo wote wa huko ni wa viti vya sufi na taa za rangi. Tangu mwaka 1951, kila Jumamosi, katika kanisa la Mtakatifu Alfonsi, hufanyika ibada ya novena kwa Mama wa Msaada wa Daima. Watu hufika kwa maelfu, na wengi miongoni mwao si Wakatoliki wala si Wakristo. Huandika barua zao za haja: mume aliyepoteza kazi, mtoto anayeingia katika mtihani, mama mgonjwa. Aliyejibiwa huandika barua ya shukurani, nazo husomwa mbele ya watu. Mtaa mzima umeshika jina la ibada hiyo, na reli ya mjini ilipofika hapo mwaka 1987, kituo nacho kikaitwa Novena. Serikali isiyotaka dini yoyote iwe juu ya nyingine ikajikuta kila siku inatangaza jina la sala katika vipaza sauti vya treni, na Mbuddha na Mwislamu hushuka hapo wakaenda hospitali bila ya kulifikiria.

Upande wa Waprotestanti, upepo ulivuma katika miaka ya 1970. Askofu Chiu Ban It, mwenyeji wa kwanza kuwaongoza Waanglikana wa huko, alirudi kutoka katika mkutano wa Bangkok wa mwaka 1973 akihubiri vipawa vya Roho, uponyaji na kunena kwa lugha. Desemba 1978 Mmarekani Billy Graham akahubiri kwa siku 5 katika Uwanja wa Taifa, na mahudhurio ya siku zote yakazidi watu 300,000. Tangu hapo Wakristo wa Singapore wamependa kuiita nchi yao Antiokia ya Asia, yaani mji unaotuma wahubiri nje badala ya kuwapokea. Na kwa miaka mingi sasa makanisa mengi hufunga na kuomba siku 40, tangu tarehe 1 Julai mpaka sikukuu ya uhuru tarehe 9 Agosti, wakiliombea taifa na viongozi wake. Kufunga huko si kama kwetu, kwani kila mtu hujiwekea mwenyewe atakachojinyima. Hata hivyo watu wa Ramadhani hawawezi kulidharau.

Penye fedha nyingi na imani nyingi, mtihani hauko mbali. Kanisa la City Harvest, lililoanzishwa mwaka 1989, lilikuwa na waumini kwa maelfu na mafundisho kwamba Mungu humtajirisha anayetoa. Msimamizi wa mashirika ya hisani pamoja na polisi wakaanza kulichunguza mwaka 2010. Oktoba 2015 mahkama ikawatia hatiani watu 6, akiwamo mchungaji mkuu Kong Hee, kwa kutumia kinyume cha sheria kiasi cha dola milioni 50 za Singapore. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda katika kumtafutia mkewe umaarufu wa muziki huko Marekani, kwa hoja kwamba nyimbo zake zitawavuta wasioamini, na sehemu nyingine ikazungushwa katika vitabu vya hesabu ili kuficha ya kwanza. Adhabu zilipunguzwa katika rufaa ya mwaka 2017, yeye akabakiwa na miaka 3 na nusu. Kwa maoni yetu, hapo Serikali ilifanya wajibu wake. Sadaka ya muuza samaki ni amana, na anayeila hawezi kujificha nyuma ya mimbari. Tungependa kuona ukali wa namna hiyo juu ya hesabu za kila wakfu na kila jumuiya ya dini, ya upande wowote.

Lakini kuna mahali ambapo hatuwezi kuisifu. Mnamo tarehe 21 Mei 1987 polisi wa usalama waliwakamata watu 16, na Juni wengine 6. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Kanisa Katoliki, wanasheria na wasanii. Serikali ilisema wamo katika njama ya Kimarx ya kuipindua kwa kujificha ndani ya Kanisa. Hawakufikishwa mahkamani. Walionyeshwa katika televisheni wakikiri. Aprili 1988 wengine 9, baada ya kuachiwa, walitoa tamko la kukanusha na kusema walitendewa vibaya, na 8 kati yao wakarudishwa ndani. Askofu Mkuu Gregory Yong, aliyekuwa mwanzoni amesimama na watu wake, aliitwa kwa Waziri Mkuu Lee Kuan Yew, akatoka akisema kwamba anaikubali kauli ya Serikali. Vincent Cheng, aliyetajwa kuwa kiongozi, alikaa kizuizini mpaka mwaka 1990. Desemba 1987 jumuiya ya makanisa ya Asia iliyokuwa na makao yake huko ikafukuzwa nchini.

Walikuwa wakifanya nini watu hawa? Baadhi yao walikuwa katika kituo kimoja cha Kikatoliki huko Geylang kilichowapokea watumishi wa nyumbani kutoka Ufilipino, waliopigwa, walionyimwa mshahara, waliofungiwa ndani. Kituo kiliwapa pahala pa kulala, kikawaandikia barua, kikawatafutia wanasheria. Mwaka ule ule wa 1987 kikafungwa. Sisi tumelelewa katika Chama na tunajua kwamba dola haina budi kujilinda. Tunajua pia kwamba watu wabaya hujificha katika majoho mema. Ila madai makubwa yanataka ushahidi mkubwa, na ushahidi huo haukuwekwa mbele ya hakimu hata mmoja. Chama kile kile kinatawala tangu mwaka 1959. Hakikuwa na udhaifu wa kuogopa mapadri wachache na wajakazi.

Baada ya hapo ikaja sheria ya kulinda masikilizano ya dini, iliyopitishwa mwaka 1990. Waziri akapewa uwezo wa kumzuia mhubiri anayeitukana dini nyingine au anayeifanya mimbari kuwa jukwaa la siasa. Mpaka iliporekebishwa mwaka 2019, amri hiyo haikuwahi kutolewa hata mara moja, na wenye kuitetea husema upanga ulio alani unatosha. Mwaka 2010 mchungaji mmoja aliyewakejeli Wabuddha na Watao aliitwa na polisi wa usalama, kisha akaenda mwenyewe kwa viongozi wa dini hizo kuomba radhi. Mwaka 2017 imamu mmoja kutoka India aliomba katika hotuba ya Ijumaa kwamba Mungu awape Waislamu ushindi juu ya Mayahudi na Wakristo. Dua ile haimo katika Msahafu. Ilitoka katika maandishi ya Kiarabu ya kijijini kwake. Akatozwa faini ya dola 4,000 na kurudishwa kwao, naye kabla ya kuondoka akawatembelea viongozi wa Kikristo na wa Kiyahudi akawaomba msamaha. Baadhi yetu tuliosoma chuoni hushtuka hapa, kwani yule hakuwa akimwambia mtu bali akimwambia Mola wake. Tumelifikiria. Dua ya moyoni haina polisi. Dua ya kipaza sauti ina wasikilizaji, na jirani ni mmoja wao. Visiwa vyetu viliona katika miaka ya 2012 na 2013 makanisa yakitiwa moto, sheikh akimwagiwa tindikali na padri akiuawa kwa risasi mlangoni mwa kanisa lake, na kabla ya mambo hayo palikuwa na maneno mengi katika kanda na katika vipaza sauti.

Papa Francis alipofika Singapore Septemba 2024, alisalisha mbele ya watu wapatao 50,000 katika uwanja wa michezo, na katika hotuba yake ya misa hiyo aliikumbusha nchi hiyo ya majengo makubwa juu ya upendo uliotangulia majengo. Pamoja na wenyeji, walikuwamo uwanjani wafanyakazi wa kigeni. Kwani nchi ile leo ina watumishi wa nyumbani wa kigeni zaidi ya 250,000, na ukitaka kuwaona nenda Jumapili katika mitaa ya maduka ya Orchard, ambako Wafilipino hutoka misani wakakaa chini kwenye vivuli, wakala pamoja na kuwapigia simu watoto wao. Wengi wao ndio wanaoyajaza makanisa ya Kikatoliki siku hiyo.

Ila kwa miaka mingi mtumishi hakuwa na siku yake kwa sheria. Mwajiri akipenda alimpa, asipopenda hakumpa, na misa yake ikategemea hisani ya bibi wa nyumba. Sheria ya siku moja ya mapumziko kwa wiki ilianza kutumika kwake tarehe 1 Januari 2013, miaka 26 baada ya kufungwa kile kituo cha Geylang kilichokuwa kikiwatetea watu kama yeye, na hata hivyo mwajiri aliruhusiwa kuinunua siku hiyo kwa fedha. Ni tangu Januari 2023 tu ndipo ikaamriwa kwamba angalau siku moja katika mwezi haiwezi kununuliwa.

Wasichana wa kwetu nao wanavuka bahari kwenda kutumika katika majumba ya Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wengi wao ni Waislamu wanaokwenda kwa Waislamu, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba suala la ibada limekwisha. Tungewaomba wakubwa wanaohusika na kazi na ajira, watakapokaa tena na wenzao wa huko, waitazame mikataba wanayoitia saini mabinti hawa: imeandikwa siku gani ya mapumziko, na ni nani mwenye uwezo wa kuinunua?